Natafuta dokumentari za kuangalia na baba, nyumbani Old Moshi na ukumbini Arusha

BintiMwalimu, Moshi

Habari za jioni, wadau. Naomba majina ya dokumentari, na tafadhali ziwe zile mlizokaa mkaziangalia mwanzo hadi mwisho, siyo za kusikia kwa watu.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu wa jiografia, ana miaka 74, anaishi Old Moshi. Tangu mama afariki mwaka jana, jioni zake zimekuwa ndefu. Taarifa ya habari ikiisha anazima TV, anakaa kibarazani kimya mpaka usingizi umkute kwenye kiti. Mimi nakaa mjini, napanda kwake kila Jumamosi. Tamthilia hazitaki, anasema watu wanagombana saa nzima kwa jambo la kuulizana tu. Wiki tatu zilizopita nilimwekea kwenye simu kipande kifupi kuhusu barafu ya Kibo inavyopungua. Akakirudia mara tatu. Mara ya tatu akavuta bahasha ya bili ya maji, akaigeuza upande mweupe, akaanza kunichorea barafu ilivyokaa kule juu na upepo unakotokea, mistari anainyoosha kwa mpini wa kijiko. Sijamwona na uso ule tangu msiba.

Sasa hali yenyewe ni hii. Alitolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia bado halijakaa sawa, kwa hiyo maandishi ya chini yakienda mbio yanampita. Kiswahili na Kiingereza anasikia vizuri. Damu hapendi. TV yake ni ya inchi 32, ina tundu la flashi, na mimi nashusha filamu mjini kwa bando kabla ya kupanda, maana mtandao wa kule juu unasuasua. Mwisho wa mwezi namleta Arusha kliniki ya macho. Jioni yake ningependa nimpeleke sinema. Mara ya mwisho aliingia na mama, mimi sijazaliwa.

Mniambie nianze na ipi.

MtuWaNjiro, Arusha

Pole kwa msiba, dada. Nianze na ukumbi, usije ukamvalisha mzee koti bure. Kumbi zetu hapa mjini zinaendeshwa na filamu za Hollywood na za Kihindi. Dokumentari ikija inapita haraka, wengi hatupati habari. Mwaka jana niliwachukua wanangu kwa kufuata tangazo la mtandaoni, tukafika dirishani tukaambiwa ratiba imebadilishwa. Mdogo alilia njia nzima kurudi. Kwa hiyo piga simu asubuhi ya siku yenyewe, utaje jina la filamu, uulize saa. Na kama Mungu akijalia, mpeleke Zanzibar wakati wa ZIFF, lile tamasha la filamu. Kukaa ndani ya Ngome Kongwe usiku, anga iko wazi juu yako na picha inawaka mbele, ni kitu ambacho TV haikupi.

Ya kuanza nayo ni Jane, ya mwaka 2017, aliyoiongoza Brett Morgen. Inamhusu Jane Goodall alipofika Gombe, Kigoma, Julai 1960, msichana wa miaka 26, hana hata shahada. Picha zilipigwa miaka ile ya 60 na Hugo van Lawick, zikalala ghalani kwa National Geographic miongo kadhaa. Zilikuwa zaidi ya saa 100. Rangi zake ni kama juzi. Baba yako atamwona yule sokwe waliyemwita David Greybeard akichukua unyasi, anauchomeka kwenye kichuguu, anautoa na mchwa wameng'ang'ania, anawala. Kabla ya siku zile wasomi walikuwa wakifundisha kwamba kutengeneza zana ni kazi ya binadamu peke yake. Jane mwenyewe ndiye anayesimulia, Kiingereza cha taratibu, hakuna cha kusoma. Alifariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, na mimi niliirudia usiku ule nilipopata habari.

Nina projekta na ukuta mweupe. Ukumbi ukikukatalia, mlete mzee kwangu. Nimekutumia namba kwenye ujumbe wa faragha.

MeruMlimani, Usa River

Mwanangu, pole sana. Mimi nina miaka 68 na nimefiwa na mke, kwa hiyo jioni unazozisema nazijua.

Mtafutie The Empty Grave, ya mwaka 2024. Wameiongoza wanawake wawili, Cece Mlay wa hapa kwetu na Agnes Lisa Wegner wa Ujerumani, na ilianzia kuoneshwa kwenye tamasha la Berlin. Inafuata familia mbili. Moja ni ya Songea, uzao wa Songea Mbano, nduna (kiongozi wa vita) wa Wangoni, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906, wakati wa Maji Maji. Nyingine ni ya huku kwetu Meru, ukoo wa Kaaya. Zote zinatafuta mabaki ya wazee wao yaliyochukuliwa yakapelekwa Ujerumani. Kitukuu wa Mbano na mkewe wanasafiri mpaka Berlin kuulizia.

Mtu wa Old Moshi hahitaji kuelezwa zaidi. Mangi Meli, mtawala wenu wa Old Moshi, na wenzake 18 walinyongwa na Wajerumani palepale Tsudunyi tarehe 2 Machi 1900, na mjukuu wake, Mzee Isaria Meli, alitumia miaka mingi ya maisha yake kukidai kichwa cha babu. Mwaka 2023 watu wa makumbusho kule Berlin walitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimekutanisha baadhi ya mafuvu na ndugu walio hai, likiwemo la Akida, mshauri wa Mangi Meli. Novemba mwaka huohuo Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea akaomba msamaha.

Niliiangalia nyumbani na dada yangu mkubwa. Rimoti alikuwa nayo yeye. Kila likitajwa jina la ukoo anasimamisha picha, anaeleza nani kaoa kwa nani, shamba lao lilipakana na la nani, kisha anabonyeza tena. Filamu ya saa moja na nusu na ushee ilituchukua karibu saa tatu, na chai ikapoa mezani. Alipofika mahali pa kaburi lisilo na mwili kamili ndani yake, akaacha kusema. Kwetu mtu hazikwi nusu. Nilitazama mikono yake, ilikuwa imefumbata kanga kama ya mtu aliyeko msibani.

Kwa hiyo nakusihi usimwekee usiku, na usimwache nayo peke yake. Mchana, baada ya chakula, wewe ukiwa pembeni. Akitaka kusimamisha, msimamishie.

DerevaWaMbugani, Arusha

Shikamoo mzee wa Usa. Dada, Jane naiunga mkono, ila mwalimu wa jiografia akikosa Serengeti Shall Not Die atakuwa amepunjwa. Siyo mpya, ni ya 1959. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliruka juu ya Serengeti wakihesabu wanyama, ndege yao wameipaka milia ya pundamilia. Michael hakuiona ikiisha. Januari 1959 ndege iligongana na tai, akafa, akazikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Mwaka uliofuata filamu ikapata Oscar. Mimi napita pale kwenye lile kaburi la mawe na wageni karibu kila wiki, na wengi hushuka garini wakavua kofia.

Lakini mwambie mzee awatafute na walioachwa nje ya picha. Mwaka huohuo wa 1959 Wamasai waliokuwa wakiishi Serengeti walihamishiwa Ngorongoro. Bibi yangu alikuwa binti mdogo kule Moru. Mpaka anakufa alikuwa akitaja visima vya Moru kimoja kimoja kama mtu anavyotaja watoto wake. Ndani ya filamu ile watu wake wanaonekana kama wapita njia kwenye ardhi waliyozaliwa. Naipenda kwa picha zake, na inaniuma kwa hilo, na vyote viwili ni kweli.

Akishaiona hiyo, mpe The Battle for Laikipia ya mwaka 2024, ya Daphne Matziaraki na Peter Murimi. Ni ya Kenya, ukame umebana, wafugaji wanatafuta malisho na wazao wa walowezi wana uzio wao. Wameingia nyumba za pande zote mbili, wamekaa, wamesikiliza. Bunduki zipo, kwa hiyo itangulie wewe kuiona.

MpendaMaktaba, Moshi

Mbili za haraka, zote za Maia Lekow na Christopher King. The Letter ya 2019: kijana wa mjini anasikia bibi yake wa miaka 95 kule pwani ya Kenya anaitwa mchawi kwenye Facebook, anarudi kijijini, na taratibu unaona kwamba chini ya neno uchawi kuna shamba. Nyingine ni How to Build a Library ya 2025, wanawake wawili wanaoifufua maktaba ya McMillan pale Nairobi, iliyofunguliwa 1931 na Mwafrika hakuruhusiwa kuingia mpaka 1958. Mwalimu ataipenda.

Soundtrack to a Coup d'Etat, inayomhusu Lumumba wa Kongo na wanamuziki wa jazi, ni kali mno, lakini ni dakika 150 na maandishi yanajaa kwenye kioo. Kwa jicho la mzee, isubiri. Dahomey ya Mati Diop ni dakika 68 tu, inahusu vitu 26 ambavyo Ufaransa iliirudishia Benin mwaka 2021. Kaa karibu umsomee.

BintiMwalimu, Moshi

Nimerudi na mrejesho. Shikamoo mzee wa Usa River, na asanteni wote kutoka moyoni.

Nilipiga simu ukumbini asubuhi kama nilivyoelekezwa. Dokumentari hakuna wiki ile. Tukaenda Njiro. Kaka alikuwa amepiga pasi shuka jeupe akalifunika ukutani kwa sababu rangi ya ukuta ilibabuka, na mkewe akamwekea baba kiti cha mbele kabisa, kile chenye mikono. Tukaangalia Jane. Sokwe alipouchomeka unyasi, baba alisimama, akaenda mpaka kwenye shuka, akaonesha kwa kidole kivuli chake kikiwa kimefunika nusu ya picha, akawauliza watoto wa nyumba ile: huyu amefanya nini hapa? Watoto wakajibu. Akauliza tena. Hakuna aliyemwambia akae.

Njiani kurudi, tulipopita Kikatiti, aliniambia mama angempenda yule binti. Ndiyo mara ya kwanza amemtaja mama bila mimi kuanza.

Serengeti tuliiangalia Jumamosi iliyofuata. Nilimsomea aliyoandika kaka dereva kuhusu bibi yake na visima vya Moru. Akanyamaza muda, kisha akasema alifundisha mipaka ya hifadhi ile miaka 31 na hakuwahi kuwauliza wanafunzi nani aliishi pale. Akaomba majina ya visima, kama kaka anayakumbuka. Ameyaachia mistari mitupu kwenye daftari.

Nikamweleza habari za The Empty Grave, kwamba naitafuta na tutaiangalia mchana, mimi nikiwa pembeni. Hakujibu. Jumapili asubuhi nilimkuta mlangoni ameshavaa viatu, fimbo mkononi. Akasema tutangulie Tsudunyi kwanza, kuna mambo anataka kunionesha kabla sijayaona kwenye TV. Nikachukua kitenge, tukaenda.