Ukoo wa Chumbageni: «Alhamisi Tunashuka Belize»

Jumamosi

Zuhura: Assalam aleikum jamaa. Mabegi tayari, kesho mchana tunapanda meli hapa Galveston, Texas. Jumatano Roatán ya Honduras, Alhamisi Belize, Ijumaa Cozumel ya Mexico. Roatán tutakaa ufukweni tu. Cozumel Baba Nuru anataka kofia. Ila hii Belize imetugombanisha tangu juzi. Fadhili uko wapi? Wewe si ndiye baharia wetu?

Khadija: Wa aleikum salaam dada. Nchi hata hamjaifikia na mshaanza kugombana 😂

Bakari: Hakuna ugomvi. Mimi nimesema mapango. Unakalia tyubu kubwa kama ya lori, umevaa kofia yenye tochi, mto unakupitisha chini ya mlima. Mwenzangu anataka bustani ya wanyama. Mtu wa Tanzania, kwao ndiko wanakofuatwa wanyama, apande meli akaangalie wanyama!

Zuhura: Sema yote Baba Nuru. Goti langu hukulitaja.

Saumu: Bibi ameniambia niandike hivi hivi alivyosema: "Mapango yapo Amboni, hapa hapa Tanga. Bakari hajanipeleka hata siku moja. Leo avuka bahari kuyatafuta."

Bakari: Mama nisamehe 🙏🏾 Nikija Desemba nitakupeleka.

Saumu: Anauliza Desemba ipi.

Fadhili: Shikamoo Shangazi, shikamoo Mjomba. Nilikuwa kwenye feri ya Likoni. Kabla ya mapango na wanyama, nambieni: meli inafika saa ngapi na inaondoka saa ngapi?

Zuhura: Marahaba mwanangu. Karatasi inasema 8:00 mpaka 5:00. Saa mbili asubuhi mpaka kumi na moja jioni. Saa tisa nzima.

Fadhili: Saa tisa ni za meli, Shangazi, si zenu. Belize meli haifungi gatini. Maji ya karibu na mji ni ya kina kifupi, kwa hiyo inatia nanga mbali, mji mwauona kama mstari tu. Mnashushwa kwa boti, sisi twaziita tenda. Pale tenda ni za wenyeji, zina injini za nguvu na zinakimbia, lakini dakika ishirini hivi lazima. Na kabla hamjaipanda kuna kuchukua namba na kukaa ukumbini mpaka muitwe. Waliolipia matembezi ya meli wanatangulia. Anayejitegemea huenda akakanyaga nchi kavu saa nne kasoro. Jioni tenda ya mwisho inaondoka kama saa moja kabla ya meli. Zikiwa nyingi, mna saa sita.

Bakari: Mbona tangazo halikusema?

Fadhili: Limesema, Mjomba. Kwa maandishi ya sisimizi, chini kabisa.

Khadija: [picha] Na hili shimo la buluu katikati ya bahari? Si liko Belize? Dada nenda hapa!

Fadhili: Hilo ndilo Great Blue Hole. Ukikata kutoka ukingo hadi ukingo ni kama mita 300, kina mita 120 na kitu. Kutoka mjini ni mbali, boti peke yake itamaliza siku. Wa meli wanalitazama kwa ndege ndogo kutoka juu, wanazunguka, wanarudi. Bei yake muulizeni Nuru aliyelipia safari.

Nuru: Nuru kasema hapana 😅

Athumani: IMETUMWA MARA NYINGI: Usinywe maji baridi baada ya kula samaki. Watumie unaowapenda. Pia nawakumbusha mchango wa harusi ya Mwanahamisi, mwisho Jumanne. Mpaka sasa wametoa wanne.

Khadija: Kaka Athumani watu wako baharini wewe unawadai.

Athumani: Wenye hela za kupanda meli hawashindwi na mchango.

Zuhura: Nitatuma leo kaka. Fadhili endelea.

Fadhili: Baba naomba tumalize hili kwanza. Sasa barabara. Altun Ha, magofu ya Wamaya, wenyeji wa kale wa huko, kama kilomita 50 kaskazini, gari saa moja. Ndiyo wengi wanayoichagua kwa sababu ni karibu. Lile hekalu lake ndilo lililochorwa kwenye chupa ya bia yao. Mwaka 1968 walifukua humo kichwa cha mungu jua kilichochongwa kwa jiwe la kijani, kilo nne na zaidi, jiwe moja hilo! Xunantunich ni nzuri kuliko hiyo, mimi ndiyo naipenda, mto nilivuka kwa kivuko cha kuzungushwa kwa mkono. Lakini iko karibu na mpaka wa Guatemala, saa mbili kwenda, mbili kurudi. Kwa saa sita mtakuwa mmelipia kuangalia kiti cha mbele.

Bakari: Na mapango?

Fadhili: Nohoch Che'en, upande wa magharibi, saa moja na ushee. Nimekwenda mara mbili. Mabaharia huwa tunapewa nafasi ya kusindikiza abiria. Mjomba, ni kuzuri. Kiongozi anaunganisha tyubu mfano wa behewa, halafu mkishaingia ndani anawaambia wote mzime tochi. Giza lile sijaliona kwingine. Unasikia matone tu, tone moja linakuangukia shingoni unaruka. Lakini kabla ya hapo mnatembea msituni nusu saa au zaidi, tyubu mkononi, na mto mnauvuka kwa miguu juu ya mawe ya mviringo yanayoteleza. Kwa goti la Shangazi, hapana. Na msimu huu wa mvua mto ukijaa wanafunga.

Zuhura: Umesikia Baba Nuru.

Bakari: Nimesikia. Nimesikia pia kwamba ni kuzuri.

Zuhura: Mimi hiyo bustani naitaka kwa sababu. Ilianza 1983. Walikuwa wanapiga filamu ya wanyama, filamu ikaisha, wanyama wamekwisha kuzoea watu, hawawezi kurudishwa porini. Mama mmoja aliyekuwa anawatunza akakataa kuwatelekeza, akaandika vibao akaweka barabarani, akawa anapokea wageni. Mpaka leo ni wanyama yatima na waliookolewa. Nimefanya unesi miaka 26, mambo kama hayo yananigusa.

Khadija: Haya sasa nimelia.

Saumu: Kaka Fadhili, kwani mpaka wanunue kwa meli? Nimeona wenyeji wanauza hayo hayo karibu nusu ya bei.

Fadhili: Ni kweli, na wengine ni wazuri kuliko wa meli, gari dogo, watu sita badala ya basi zima. Mimi nikienda peke yangu nachukua mwenyeji. Lakini ngoja niwape kisa. Bandari nyingine, sitaitaja, wala meli. Bwana na bibi walichukua gari lao, wakachelewa. Nahodha akasubiri dakika chache. Mimi ndiye niliyekuwa nasafisha chumba chao. Nikaitwa na mlinzi tufungue kasha. Ndani paspoti mbili, pete, na vidonge vya presha. Vikatiwa kwenye bahasha, akapewa wakala wa bandari, ngazi ikavutwa. Tukiwa tushaanza kuondoka nikawaona wanakuja mbio gatini, mama amevua viatu amevishika mkononi. Abiria huko juu wanashangilia kama mpira. Mimi nilichokuwa nakiona ni vile vidonge.

Nuru: Baba, Mama, mnanunua kwa meli. Basi.

Fadhili: Ukiwa na matembezi ya meli na basi likachelewa, meli inawangoja. Hiyo ndiyo nusu ya pili ya bei. Kwenye bandari ya tenda ningelipa. Kama ingekuwa gati, na hoteli ya ufukweni dakika kumi, nisingelipa.

Fadhili: Jambo jingine. SAA. Meli itabaki na saa ya Texas. Texas miezi hii wamesogeza saa mbele, Belize hawasogezi zao, kwa hiyo wako nyuma kwa saa moja. Simu ikishika mtandao wa huko itajibadilisha yenyewe. Itaonyesha tisa wakati meli inasema kumi na tenda ya mwisho inang'oa. Vaeni saa za mkono, msiziguse.

Bakari: Kwa hiyo mwisho ni saa kumi.

Fadhili: Saa kumi ya KISWAHILI, Mjomba! Usije ukamwambia dereva "ten o'clock". Huko wanasema Kiingereza, ilikuwa koloni la Mwingereza mpaka 1981. Atakuamini.

Bakari: Kumbe si Kispania? Nimejifunza gracias wiki mbili.

Khadija: 😂😂😂 Itumie Cozumel.

Fadhili: Mbona hamgawanyiki? Bustani na mapango ziko barabara moja. Mjomba achukue mapango, Shangazi bustani, zote tiketi za meli.

Saumu: Bibi ametoa miwani. "Mume na mke wapande chombo kimoja, washuke kila mtu na njia yake? Watu watasemaje?"

Zuhura: Mama, watu gani? Elfu tatu wale, hakuna anayetujua.

Saumu: Kanyamaza. Sasa kasema: "Bakari avae kitu shingoni, asipate kikohozi."

Alhamisi

Zuhura: Nimeshuka. Mimi basi la kijani, Baba Nuru la bluu. Mvua ilinyesha usiku, asubuhi kukavu. Kwenye tenda nimeshika kiti mikono miwili, boti ile inaruka juu ya maji! Mtu wa pwani nisiyejua kuogelea, nimesoma dua zote. Hapa dola yao mbili ni dola moja ya Marekani, na wauzaji wanataja "dola" tu. Mpaka uulize dola gani. Nimekaribia kulipa kikapu mara mbili.

Zuhura: [picha] Huyu ndiye tapiri, mnyama wa taifa lao. Wao wanamwita ng'ombe wa mlimani. Mwili wa nguruwe, pua kama mkonga uliokatwa, na nasaba yake ni ya kifaru na farasi. Ananusa kwa kuikunja ile pua juu, meno yote yanaonekana, kama mzee anayetafuta miwani. Nimesimama hapo mpaka kiongozi akaniita kwa jina.

Zuhura: [sauti] Sikilizeni huyu. Mtasema simba. Ni kima mweusi, si mkubwa kuliko mbega wa Diani. Wenyewe wanamwita nyani!

Zuhura: Jamani nimesharudi melini, saa kumi kasoro dakika ishirini. Basi la Baba Nuru halijafika. Nampigia hashiki. Kuna mtu macho huko?

Fadhili: Mimi Shangazi, huku ni saa tano na dakika arobaini usiku. Tiketi yake ni ya meli?

Zuhura: Ya meli.

Fadhili: Basi tulia. Pale mlangoni wanajua idadi ya walioko ndani ya basi lile. Nenda kanywe chai.

Zuhura: Chai haipiti.

Zuhura: Saa kumi imepita.

Fadhili: Meli imetoa honi?

Zuhura: Bado.

Fadhili: Basi.

Zuhura: KAJA. Saa kumi na robo. Amelowa, goti limechubuka, miwani imechukuliwa na mto. Anacheka peke yake.

Bakari: Lori lilikwama barabarani mbele yetu. Kwenye basi kila mtu anaangalia saa, mimi nimelala. Fadhili, lile giza. Wallahi.

Fadhili: Nilikwambia Mjomba.

Bakari: Na lile goti la mama yenu lingevunjika pale kwenye mawe. Nakiri hadharani, mnaweza kupiga picha ujumbe huu.

Khadija: Nimepiga.

Ijumaa

Saumu: Bibi kaamka alfajiri, kasali, kataka simu kabla ya chai. Anauliza walikula nini.

Zuhura: Sabalkheri Mama. Wali na maharage ya nazi!! Vimepikwa chungu kimoja, na kuku wa mchuzi mwekundu na ndizi za kukaanga. Na wana mambo: ukisema wali na maharage unaletewa vilivyopikwa pamoja, ukisema maharage na wali unaletewa mbalimbali. Vyakula viwili. Nimekosea kuagiza mara ya kwanza. Nimenunua na pilipili yao, Marie Sharp's, wanasaga na karoti, nitakuletea.

Bakari: Mimi nilikula hicho hicho kule mapangoni. Nilifumba macho nikawa Chumbageni.

Saumu: Bibi anauliza nazi walikuna au vipi.

Zuhura: Niliuliza Mama. Nilipokula mimi ilikuwa ya kopo.

Saumu: Kasema: "Basi rudini."