Krismasi bila rundo la plastiki nyumbani, nyie mnafanyaje? (Dodoma)

zawadi_ilazo

Mbukwenyi wadau! Naomba mawazo maana Krismasi hiyo inakuja na mi nina jambo limenikaa rohoni toka mwaka jana. Sisi tupo Ilazo na sikukuu huwa inafanyikia kwetu, ndugu wa mume, majirani, watoto wa jumuiya, mwaka jana tulifika kama watu 35 hivi. Mbuzi tulimchukua mnadani Msalato, shemeji akachinja asubuhi, sa mimi na wifi tunaosha matumbo tukakuta ndani donge la plastiki limejiviringa kama mpira wa makaratasi wa watoto, vifuko vile vyeupe vya kufungia vitu, kamba, na kipande cha pambo la kijani la kung'aa, lile lile watu wanalozungushia mti wa Krismasi!! Nilishtuka sana jamani. Ndo maana alikuwa amekonda, alikuwa anashiba plastiki.

Jioni wageni wameondoka naangalia uwanja, sahani za plastiki, vikombe, chupa za soda, maputo yaliyopasuka, na upepo wa Dodoma mnaujua, vingine vishavuka ukuta viko korongoni. Vilivyobaki tukavichoma, moshi mweusi, watoto wanakohoa. Nikawaza vile vilivyovuka ukuta si ndo ataenda kula mbuzi mwingine?

Mwaka huu sitaki kabisa. Shida mama mkwe ameshasema nikianza kubana vitu watu watasema nimekuwa mchoyo. Nifanyeje wageni waheshimike na hizi taka zisiwepo? Na mti pia naomba ushauri, huu wetu wa plastiki umeanza kupukutika, kila nikifagia nakuta majani yake.

mama_sufuria

Pole mwanangu. Mi napika shughuli huku Nkuhungu miaka mingi na tumbo la namna hiyo nimeshalikuta zaidi ya mara moja, mbuzi anateseka sana maana ile kitu haisagiki wala haitoki.

Sa mwambie mama mkwe hivi, heshima ya mgeni ni kula kwenye sahani inayotulia mkononi. Hizi za plastiki ukipakua pilau la moto zinajikunja mgeni anamwagikia nguo ya sikukuu, hapo heshima iko wapi? Nenda kwenye kikundi chenu cha kina mama, jumuiya nyingi na vikoba wana sahani, mabakuli na vijiko vya kukodisha, mtaani kwetu kukodi ni nafuu kuliko kununua pakiti za kutupa. Ila wahi kuweka oda, wiki yenyewe ya Krismasi utakuta zimeshachukuliwa zote. Kuosha weka mabeseni matatu, la kwanza kutoa mafuta, la pili sabuni, la tatu kusuuza, na hayo ya kusuuza kamwagie miti, Dodoma hatuna maji ya kuchezea.

Soda chukua kreti, chupa za kioo, zipo 24, unaacha hela ya chupa ukirudisha unarudishiwa. Zile zinaoshwa kiwandani zinajazwa tena, hazifiki korongoni. Afu pembeni weka ndoo ya juisi ya ubuyu au ukwaju, ubuyu ni wa hapa hapa kwetu na wageni wa Dar wataugombania nakwambia.

Kingine ni kapu. Chukua tenga kubwa, lijaze vitenge vikuukuu na mto wa pamba, wali ukishachemka vizuri na mfuniko umebana unaubandua unaufukia humo unafunika juu na mto mwingine, unaiva wenyewe kwa joto lake kama saa zima bila moto. Usifunue funue tu. Na jiko linabaki huru unapika kitu kingine.

mkulima_chamwino

Naomba niongelee mti maana hapo ndo penye moyo wangu.

Dada usinunue mwingine wa plastiki. Na usimtume kijana akakate mti porini, huku kwetu mti unapigana na ukame miaka mpaka usimame, kuukata kwa ajili ya wiki mbili inauma. Sisi mvua ni msimu mmoja tu, inaanza kuelekea Desemba inakata Aprili, kwahiyo Krismasi inaangukia wakati wenyewe wa kupanda! Nunua mche, uweke sebuleni kwenye ndoo, watoto waupambe, sikukuu ikiisha mnautoa mnaupanda mvua bado mbichi. Kwetu tumefanya hivyo miaka minne, mmoja ulikufa, mitatu ipo, na kila mtoto anajua wa kwake ni upi.

Mti gani? Ukiwa na nafasi panda mkrismasi wenyewe, ule unaochanua mwekundu mji mzima miezi hii, lakini uwe mbali na nyumba, mizizi yake inatambaa juu juu inapasua ukuta na karo. Uwanja mdogo panda mwarobaini, unavumilia. Chimba shimo futi mbili kwa mbili, changanya udongo na samadi iliyooza, zungushia miiba maana mbuzi hawana sikukuu. Chupa ya plastiki uliyonayo tayari kata kitako, toboa kitundu kidogo kwenye kizibo, ifukie kichwa chini pembeni ya mche, unaijaza maji yanadondoka taratibu.

Na kama mna shamba, msing'oe visiki. Hii ya kisiki hai tumeifanya huku, unachagua machipukizi matatu mpaka matano yaliyonyooka, mengine unapogolea, mti unarudi haraka kuliko mche kwa sababu mizizi ipo chini tayari.

Mapambo omba matawi makavu kwa wakulima wa zabibu wakishapogoa, yanapindika vizuri unasuka shada la mlangoni. Vipande vya vitenge kwa fundi cherehani vipo vingi, vinatupwa.

areaC_74

Mazuri yote hayo ila mi naona mnapita pembeni ya kitu kikubwa, MKAA. Pambo moja la kung'aa ni dogo ukilinganisha na magunia yanayoingia mjini mwezi wa 12, na kila gunia ni miti imelala huko vijijini, na ule uchomaji wa tanuri la udongo sehemu kubwa ya nguvu ya kuni inapotea kwa moshi. Serikali mkakati wake wa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, hatutafika kama kila sikukuu tunarudi kwenye mkaa. Pikeni kwa gesi. Na ndugu wa Dar waje na treni ya SGR, toka Julai 2024 inafika Dodoma, sio kila mmoja na gari lake.

mama_sufuria

Kaka la mkaa nakuunga mkono kabisa, lakini sufuria la watu 35 ulibandike kwenye mtungi wa kilo 6? Litapinduka uunguze mtoto. Mi nafanya hivi, nyama na maharage kwenye jungu la presha kwa gesi au umeme, maharage nimeyaloweka toka usiku, pilau kwenye jiko banifu la kuni, mkaa unabaki wa kuchomea nyama tu, kidogo.

zawadi_ilazo

Asanteni sana jamani, nimemsomea mama mkwe yote. Ile ya sahani kujikunja amecheka, amesema kweli mwaka jana shemeji yake alimwagikia, na sasa yeye mwenyewe ndo ameenda kuulizia sahani za jumuiya ziko ngapi. Mkulima, mche mzuri nautambuaje nisije kuuziwa mbovu?

mkulima_chamwino

Uwe umefika magotini, shina gumu, umesimama wenyewe bila kijiti. Mrefu mwembamba uache. Geuza kiriba, kile kifuko chenye udongo wa mche, chini uangalie, mizizi ikiwa imetoboa na kujisokota umekaa sana kitaluni. Na ukishapanda kile kiriba usikiache uwanjani, kirudishe kule kule kitaluni, wanavipokea.