Karabini ya milimita 9 isiyopiga teke: ipimweje kabla ya kununuliwa?

Muulizaji

Ndugu zangu, salaam. Nimeshiriki mchezo wa kulenga shabaha kwa bastola kwa miaka minne, na kwa kuwa kiwiko changu cha kulia kimeanza kuuma, ninakusudia kuhamia kwenye karabini, yaani bunduki fupi yenye kitako cha begani inayotumia risasi za bastola. Leseni ninayo, na ningependa silaha hiyohiyo iwe pia ya ulinzi wa nyumba.

Juzi nilijaribu mbili. Zote ni za 9×19 (ile risasi ya kawaida ya bastola ya milimita 9), zote zina uzito wa karibu kilo tatu, na risasi nilizitoa kwenye boksi moja. Ya kwanza ilinigonga bega kwa nguvu ambayo sikuitarajia kwa risasi ndogo kiasi hiki, na nukta nyekundu ya darubini ikawa inarukaruka kila nilipofyatua. Ya pili ilitulia mno. Nilichoambiwa ni kwamba ile ya kwanza ni ya kawaida na hii ya pili ni ya rola, basi. Tofauti hiyo inatoka wapi hasa, na nitaipimaje badala ya kulitegemea bega langu? Je, bunduki moja yaweza kufaa kwa kazi zote mbili?

Mtutu Mrefu

Ndugu muulizaji, bega lako halikukudanganya. Bunduki nyingi za aina hii hutumia mfumo sahili kabisa, ambamo bolti, yaani chuma kinachoziba nyuma ya mtutu, haifungwi na kitu chochote wakati wa kufyatua. Kinachoizuia isifunguke mapema ni uzito wake yenyewe na springi iliyo nyuma yake. Ili ganda lisitoke kwenye chemba (sehemu ya mtutu inamokaa risasi) shinikizo likiwa bado juu, mtengenezaji hulazimika kuweka bolti nzito, na mara nyingi bolti pamoja na bafa yake (uzito wa nyuma unaopokea kishindo) hukaribia au kupita nusu kilo. Kipande hicho cha chuma hukimbia nyuma, kikagonga mwisho wa njia yake, kisha kikarudi mbele na kugonga tena. Kwa hiyo unachokisikia begani si risasi peke yake, bali pia nyundo inayotembea ndani ya bunduki.

Katika mfumo wa rola, ambao umejulikana zaidi kupitia bunduki fupi ya MP5 ya Heckler & Koch ya miaka ya 1960, rola mbili huichelewesha bolti kidogo hadi shinikizo lishuke, na hivyo bolti yenyewe yaweza kuwa nyepesi. Karabini ya SIG MPX hutumia njia nyingine, ya gesi na bolti inayojifunga, ikapata manufaa yaleyale. Ruger PC Carbine imebaki kwenye mfumo sahili, lakini ndani ya bolti yake kuna uzito wa tungsteni unaojongea ili kupunguza mgongano, na wengi hushangaa jinsi ilivyo tulivu ukilinganisha na bei yake. Tahadhari moja hapa: jumla ya msukumo unaorudi nyuma haibadiliki kwa sababu ya rola, kwa kuwa risasi na baruti ni zilezile. Kinachobadilika ni namna msukumo huo unavyokufikia, kidogokidogo au kwa vishindo viwili.

Sasa kipimo. Magazini moja haitoshi, kwa sababu dakika za kwanza mtu huishika bunduki mpya kwa hofu au kwa furaha. Chukua kipima muda cha milio, simama mita 10 kutoka kwenye shabaha, piga risasi sita mfululizo kwa kasi unayoweza kuimudu huku zote zikibaki ndani ya duara la sentimita 15, kisha uandike muda kati ya mlio mmoja na unaofuata. Rudia mara tano kwa kila bunduki, ukianza na moja leo na nyingine kesho, ili uchovu usiionee yoyote. Usipoona tofauti kwenye karatasi, basi ulikuwa unataka kulipia starehe, jambo ambalo si dhambi, mradi ulijue.

Kuhusu mashindano, kumbuka kwamba katika kundi la karabini la IPSC, shirikisho la kimataifa la mashindano ya kulenga shabaha, kipimo cha nguvu kinachotakiwa ni 125, yaani uzito wa kichwa cha risasi kwa greni (greni moja ni karibu gramu 0.065) mara kasi yake kwa futi kwa sekunde, gawanya kwa 1,000. Risasi ya greni 124 inayokwenda futi 1,050 kwa sekunde hupata 130. Kwa kuwa mtutu mrefu huiongezea kasi risasi nyepesi, wanaojaza risasi zao wenyewe hupunguza baruti na bado hubaki juu ya kiwango. Ila mfumo sahili wenye springi ngumu waweza kukataa risasi dhaifu, kwa hiyo jaribu risasi utakazotumia kweli.

Kasha la Chuma

Mwenzangu hapo juu ameeleza vizuri, lakini amezungumza kama mwanamichezo. Kwa nyumba, utulivu wa begani mimi ningeuweka nafasi ya tatu au ya nne. Cha kwanza ni kwamba bunduki isikwame. Karabini nyingi hulishwa vizuri na risasi za mazoezi zenye ncha ya mviringo, kisha zikaanza matata unapoweka zile zenye ncha yenye tundu, ambazo ndizo zinazofaa ndani ya nyumba kwa sababu hutanuka zikifika na hupunguza hatari ya kupita upande wa pili. Hata hivyo usidanganyike: risasi ya milimita 9 hupenya kuta kadhaa za jipsamu bila shida, na kutoka kwenye mtutu mrefu haipungui nguvu. Ujue nani analala nyuma ya kila ukuta kabla hujafikiria bunduki gani.

Kifyatulio chepesi cha mashindano sikishauri kwa mtu aliyeamshwa usiku huku mikono ikitetemeka. Vilevile ile chuma ya kutuliza mdomo wa mtutu, ambayo kwa risasi ya bastola haisaidii sana kwa kuwa gesi ni chache, ndani ya chumba hurudisha mlio kwenye masikio yako, na mlio wa bunduki tayari umepita desibeli 140. Mwisho, bunduki ndefu haifichiki kama bastola. Kama kuna watoto, sefu inunuliwe siku moja na bunduki, si mwezi unaofuata.

Nukta Nyekundu

Nyongeza fupi. Darubini kwenye bunduki nyingi za umbo hili hukaa karibu sentimita 6.5 juu ya mtutu. Ukiisawazisha kwa mita 25, basi kwenye mita 5 risasi itapiga kama sentimita 5 chini ya nukta. Wanaotoka kwenye bastola hupoteza alama nyingi kwa jambo hili kuliko kwa teke, na umbali wa mita 5 ndio hasa umbali wa ndani ya nyumba.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Nimerudi uwanjani na kipima muda. Ile ya rola ilinipa wastani wa sekunde 0.21 kati ya milio na ile sahili 0.24, nami nilitarajia pengo kubwa zaidi. Lakini nilipojaribu risasi 100 zenye ncha yenye tundu, ile ya rola ilikwama mara tatu, ile sahili haikukwama hata mara moja. Nimeduwaa kidogo.

Mtutu Mrefu

Kabla hujailaumu bunduki, je, mara zote tatu zilitokea kwenye magazini moja?

Muulizaji

Nimekagua maandishi yangu: ndiyo, zote tatu ni magazini ya pili, ile ambayo midomo yake imepinda kidogo.

Mtutu Mrefu

Basi ipake rangi nyekundu na uiache ya mazoezi tu. Rudia risasi 100 nyingine kwa magazini nzima mbili, na usilipe chochote hadi zipite zote.