Mrejesho: hofu ya usiku na maombi

Wapendwa, niliwauliza niombeje hofu inaponikaba usiku tukisubiri majibu ya vipimo vya mama. Asanteni mno. Aliyenielekeza Zaburi 94:19, Mungu akubariki: mtunzi anakiri kwanza wingi wa mawazo ndani yake, ndipo anataja faraja. Nami sasa naanza hivyohivyo. Namtajia Mungu kila kinachonitisha, kimoja kimoja, kwa sauti, kisha nashukuru, kama Paulo alivyowaandikia Wafilipi (4:6) akiwa kifungoni. Kuna usiku usingizi bado unagoma, ila kifua hakibani tena kama mwanzo. Ushauri wa kumwona daktari nimeufuata pia, na kwangu haupingani na maombi hata kidogo. Majibu ya mama bado. Tuzidi kuombeana.