Asilimia 2 za halmashauri: fundi asiye na kikundi anaweza kukopeshwa?

Uzi_na_Sindano
Ndugu wanajamvi, habari za majukumu. Kaka yangu ni kiziwi tangu utotoni na ni fundi cherehani anayeshona sare za shule. Kila inapokaribia Januari hulazimika kukataa kazi kwa kuwa hana ovaloki, yaani cherehani ya kumalizia kingo za nguo, hivyo mapindo yote huyapeleka kwa jirani anayemtoza kwa kila kipande. Tulipofika halmashauri kuulizia mkopo wa watu wenye ulemavu, tuliambiwa atafute kwanza wenzake wanne. Mtaani kwetu ninaowafahamu ni bibi mmoja asiyeona na kijana mwenye mtindio wa ubongo, na sioni ni biashara gani wangeifanya pamoja. Kilichoniuma zaidi ni kwamba ofisa alizungumza nami muda wote, huku mwenye shida akibaki kututazama midomo. Je, sheria inasemaje?

Mstaafu_wa_Kata
Ndugu yangu, pole. Nilikuwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata kabla ya kustaafu, na kisa hiki si kigeni kwangu. Msingi wa fungu hilo ni kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kilichoongezwa mwaka 2018, ambacho kinaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kanuni za mwaka 2019 zilidai kikundi, na ndizo ambazo baadhi ya maofisa wamezikariri hadi leo. Baadaye zililegezwa, na mtu mwenye ulemavu asiyepata wenzake wa kuungana nao akaruhusiwa kuomba peke yake. Hoja ilikuwa hiyohiyo yako, kwamba ulemavu hauwakusanyi watu katika mtaa mmoja wala katika kazi moja. Mikopo yenyewe ilisimamishwa mwaka 2023, baada ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kubaini vikundi hewa na marejesho yasiyofanyika, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa taratibu mpya. Rudini, mwombe kuonyeshwa kanuni inayotumika sasa, na jibu mlipewe kwa maandishi.

Kiti_Mwendo
Kuhusu kanuni, sina ubishi na Mstaafu. Ninachokiona mimi ni kwamba mkopo, hata usio na riba, ni deni, na unamfaa aliyekwisha kusimama kama huyu fundi. Mwenzangu aliyekuwa akihitaji kiti mwendo alishauriwa akope, kana kwamba kiti kingezaa faida ya kukilipia. Ofisi tuliyoelekezwa ilikuwa ghorofa ya pili, nami nikahojiwa chini ya ngazi, kando ya pikipiki zilizoegeshwa, wapita njia wakisikia mapato yangu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, inadai majengo ya umma yafikike, na inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Hiyo asilimia 3 ndiyo ningependa tuifuatilie kwa bidii kama tunavyoifuatilia ile 2, maana si kila mmoja wetu ameumbwa kuwa mfanyabiashara.

Uzi_na_Sindano
Nawashukuru nyote. Mkalimani wa lugha ya alama tumtafute wapi, na je, twende na nini mkononi?

Mstaafu_wa_Kata
Waulizeni CHAVITA, chama cha viziwi, kama wana mkalimani aliye karibu nanyi, na mtoe taarifa mapema ofisini ili siku hiyo kaka ahojiwe mwenyewe. Chukueni kitambulisho chake, barua ya serikali ya mtaa na ankara kifani ya ovaloki kutoka dukani, yaani ile inayoonyesha bei kabla ya kununua. Daftari lake la oda za Januari, zikiwemo alizozikataa, lisisahaulike nyumbani.