Naomba ushauri: nakuja Dodoma kuziaga Scania za injini mbele

Habari za jioni wakuu. Nimekulia Kondoa, sasa niko Mbeya, na mabasi nayapenda tangu utotoni. Nimesikia tajiri mmoja wa njia ya Kondoa anazipumzisha Scania zake mbili za zamani mwisho wa mwezi huu. Zile za injini mbele, boneti kando ya dereva limefunikwa blanketi, ukikaa pale unashuka miguu imeiva kwa joto. Kabla ya lami zilitufikisha Babati tukiwa wekundu kwa vumbi. Konda niliyemjua hapatikani kwenye simu. Ofisi ya tiketi kila mtu ananijibu lake.

Wenyeji, bado zinaanzia stendi ya Nanenane, na saa ngapi? Ruhusa ya kupiga picha ndani naomba kwa nani, dereva au tajiri mwenyewe?