Kalibu ipi ya risasi kwa karabini ya Springfield ya 1873?

Mwenye swali: Ndugu zangu, ninayo karabini (bunduki fupi) ya Springfield ya 1873, yenye mtutu wa inchi 22, ambayo fundi wa silaha ameikagua na kuiona salama kwa baruti nyeusi. Nataka kununua kalibu, yaani chombo cha kumiminia madini yaliyoyeyushwa ili kutengeneza risasi, moja kati ya tatu: ya risasi ya greni 405 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) yenye kitako bapa, ya uzito huohuo lakini yenye shimo kitakoni, au ya greni 500. Zote zimeandikwa kipenyo cha inchi 0.458. Nitalenga shabaha ya mita 100.

Mjumbe wa kwanza: Ile ya greni 500 iache. Jeshi la Marekani liliikubali mwaka 1881 kwa ajili ya bunduki ndefu, ilhali karabini iliendelea na risasi ya greni 405 iliyosukumwa na greni 55 za baruti, kwa sababu silaha nyepesi humpiga mfyatuaji begani kwa nguvu zaidi.

Mjumbe wa pili: Nakubaliana naye, ila kinachonitia wasiwasi ni hiyo 0.458, kwa kuwa mitutu mingi ya zamani ina kipenyo kikubwa kuliko hicho kwenye mifereji, yaani mikato ya ndani ya mtutu inayoizungusha risasi. Risasi nyembamba huacha gesi ipenye pembeni, madini yake yakagandamana ndani ya mtutu, na shabaha ikatawanyika. Kabla ya kuagiza chochote, hakikisha bunduki haina kitu ndani, pakaza mtutu mafuta, kisha gonga taratibu kipande cha madini laini ya risasi kipite mtutu mzima, ndipo ukipime. Chagua kalibu itakayotoa risasi inayozidi kipenyo cha mifereji kwa 0.001 hadi 0.002 ya inchi. Risasi nene waweza kuipunguza. Nyembamba huna la kuifanya.

Mjumbe wa tatu: Hapo kwenye kupima pana mtego. Springfield hiyo ina mifereji mitatu, na idadi isiyogawanyika kwa mbili humaanisha kwamba kila mfereji unatazamana na tuta, yaani sehemu iliyoinuka kati ya mifereji, kwa hiyo maikromita (kifaa cha kupimia vipenyo) ya kawaida haitakupa kipenyo cha mfereji kwa mfereji. Mimi natumia karabini ya Martini-Henry, yenye mifereji saba, na shida ni ileile: jina la risasi yake linataja 450, lakini mifereji yake huzidi 0.460 kwa mbali. Tafuta maikromita yenye taya za umbo la V, au mpelekee fundi aliye nayo.

Mwenye swali: Fundi amenipimia, na mifereji ni 0.461. Je, shimo la kitakoni halitaziba pengo hilo?

Mjumbe wa pili: Huenda likaziba, kwa sababu gesi hutanua kuta za shimo, na risasi za jeshi zilitengenezwa hivyo. Hata hivyo kalibu ya aina hiyo ina kijiti cha katikati ambacho kikipoa kidogo tu risasi hutoka na mikunjo, kwa hiyo kazi huenda polepole mno. Kitako bapa cha risasi laini nacho hutanuka kwa mshindo wa baruti nyeusi, mradi tu risasi ikaribie kipimo tangu mwanzo. Mimi ningechukua bapa, yenye mitaro mipana ubavuni mwa risasi ya kubebea nta na shahamu, ambayo hulainisha masizi ya baruti.

Mjumbe wa tatu: Agiza basi kalibu ya kutoa 0.462, na umweleze mtengenezaji mchanganyiko utakaotumia, kwa mfano sehemu 20 za madini ya risasi kwa moja ya bati, kwani madini ya risasi yasiyochanganywa husinyaa zaidi yakipoa na risasi hutoka nyembamba kidogo. Kalibu ya chuma au ya alumini ni hiari yako: alumini ni nyepesi na hupata moto upesi, chuma hudumu lakini hushika kutu. Yeyushia madini mahali penye hewa nyingi, na maji yasikaribie chungu kamwe, maana tone moja hurusha madini ya moto.

Mjumbe wa kwanza: Na kabla ya kumimina risasi nyingi, tengeneza moja kamili yenye ganda lakini isiyo na baruti wala fataki (kiwashio cha baruti), uiingize kwenye chemba, yaani nafasi ya nyuma ya mtutu inayopokea ganda. Ganda likibeba risasi ya 0.462 hunenepa shingoni, na lisipoingia kwa wepesi itabidi upunguze kipenyo cha risasi kidogo. Ukianza kujaza, usiache nafasi ya hewa kati ya baruti na risasi, na baruti isiyo na moshi usiitumie kabisa katika silaha hiyo.